Kimya cha Bi Ardelia

Kila asubuhi, saa nne kasorobo, nilichonga penseli mbili. Kisha nilikagua utepe wa rangi tulioubandika sakafuni kuonyesha mahali pa mlango, meza na dirisha ambavyo mafundi walikuwa bado hawajavijenga. Nilichemsha maji, nikakamua limau, nikatia kijiko cha asali kwenye kikombe cha Bi Ardelia. Mwisho niliweka vikaratasi vyangu vya njano juu ya kiti chake. Kila kikaratasi kilikuwa na kosa moja la jana yake: amesema "nyumbani" badala ya "kwetu", ameruka "lakini". Bi Ardelia akifika alivisoma akiwa bado amesimama, koti mabegani, kisha akanihesabia peremende moja kwa kila kosa kutoka kwenye kopo lake la bati.

"Faini yangu hiyo," alikuwa akisema. "Leo nne. Utaoza meno kwa ajili yangu, mwanangu."

Jumatatu ile sikufika kwenye vikaratasi. Dolores Quiñones, msimamizi wa jukwaa na bosi wangu, aliingia na baridi ya nje kwenye koti lake, akaweka kijiboksi cheupe juu ya kiti cha Bi Ardelia.

"Fungua," aliniambia.

Ndani mlikuwa na kidude kidogo kama punje ya haragwe, cha kuvaa ndani ya sikio. Ubavuni mwa boksi pameandikwa "rangi ya ngozi". Kidude chenyewe kilikuwa cha waridi.

"Rangi ya ngozi," Dolores alisoma. "Ngozi ya nani, mami? Ya nguruwe?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Brenneman ndiye aliyeagiza, na yeye ndiye mtayarishaji. Wewe utakaa nyuma na maikrofoni, umsomee mistari sikioni. Kuanzia leo."

"Lakini Bi Ardelia anaijua mistari yake."

"Alhamisi hakuijua. Watu kumi na wawili waliona. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwokoa."

Niliinama, nikaanza kuchonga penseli niliyokwisha kuichonga.

Kazi yangu katika mazoezi ilikuwa kushika kitabu. Waigizaji wakishaacha kubeba maandishi mkononi, mtu mmoja hukaa pembeni na kitabu cha mchezo, anafuata kila neno kwa ncha ya penseli. Mwigizaji akikwama huita "Mstari!" na yule mtu humsomea. Sheria ni moja tu, na hufundishwa siku ya kwanza kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi: asipoita, usifungue mdomo. Hata akikaa kimya mpaka mvua inyeshe. Kwa sababu mwigizaji mzuri huweza kuwa kimya namna mbili, amesahau au anaigiza, na aliyeshika kitabu hana haki ya kuchagua kwa niaba yake.

Na Bi Ardelia Pruitt, kati ya watu wote wa jiji la New York, ndiye aliyejulikana kwa kunyamaza.

Alitoka Mobile, Alabama, akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka wa kwanza alifagia maganda ya karanga kati ya viti vya ukumbi ambao baadaye jina lake liliandikwa kwa taa mlangoni pake. Nafasi yake ya kwanza jukwaani ilikuwa mtumishi wa ndani. Hakupewa neno hata moja. Alitakiwa kuingia na sinia, kusikia bwana na bibi wakimsema kana kwamba hayupo, na kutoka. Siku ya nne, kabla ya kutoka, alisimama. Alisimama na lile sinia, akawatazama, basi. Watu wakaacha kukohoa. Mwongozaji alimgombeza, kisha akamwambia arudie kesho yake. Kutoka pale ikaja michezo thelathini na miwili, filamu, tuzo mbili alizoziweka juu ya friji, halafu miaka kumi na moja ambayo hakuna aliyempigia simu isipokuwa kumtaka awe bibi mpole kwenye tangazo la supu. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita, na mchezo huu ulikuwa wa kwanza tangu supu ile ambamo jina lake lilitangulia ya wengine.

Haya yote sikuambiwa na mtu. Chuoni, huko Ohio, niliandika kurasa arobaini juu ya kimya cha Ardelia Pruitt. Nilipewa alama ya juu. Sikuwahi kumwambia. Kila siku nilitaka kumwambia, na kila siku nikamletea limau.

Sasa Alhamisi yenyewe.

Asubuhi ile alikuja mezani kwangu kabla ya wengine, akaegemea kwa kiganja. Kuna mahali katika mchezo ambapo mwanawe amerudi kutoka gerezani baada ya miaka ishirini. Wamekaa mezani. Mwana anauliza, "Ulikuja hata mara moja kuniona?" Mama anajibu, "Chakula kinapoa." Kitabuni hakuna kitu kati ya maneno hayo.

"Leo pale mezani nitakaa kidogo," Bi Ardelia aliniambia kwa sauti ya chini. "Nina kitu nataka kukijaribu. Usiogope."

"Sawa, Bi Ardelia," nilisema, na pambizoni mwa kitabu nikaandika kwa penseli: *Atakaa. Usiogope.*

Saa tisa wakaja wageni, Bwana Brenneman, mtayarishaji wetu, na watu waliotia mitaji yao kwenye mchezo. Walikuwa kumi na wawili kwenye viti vya kukunja, suti zao zikiwapa joto. Chumba cha jirani walikuwa wakifundisha ngoma ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye soli za chuma, ikawa kama tunaigiza chini ya mvua ya mawe. Nilikuwa na hofu tangu wanaingia. Mimi hata kuagiza sandwichi dukani huwa nairudia kwanza moyoni.

Ikafika meza. "Ulikuja hata mara moja kuniona?"

Bi Ardelia aliweka kijiko chini. Siku zote zilikuwa pumzi mbili. Nikahesabu mbili. Nikahesabu nne. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akatazama saa yake. Pumzi sita. Brenneman akamwinamia jirani yake, akamnong'oneza. Pumzi nane, na ngoma ya jirani ikakoma ghafla, na macho ya Bi Ardelia yakashuka kwenye sahani, yakakaa pale. Nikawaza, watadhani amesahau. Kisha nikawaza, amesahau.

"Chakula kinapoa," nilisema.

Sikunong'ona. Nilikusudia kunong'ona, lakini chumba kilikuwa kimetulia mno, na sijawahi kusikika vile maishani mwangu.

Bi Ardelia aligeuka polepole kunitazama. "Asante, mwanangu," alisema, kana kwamba nimemwokotea leso. Akasema mstari wake, akaendelea, na dakika arobaini zilizobaki hakukosea neno. Hakuna aliyesikia dakika arobaini zile. Wageni walipotoka kwenda kwenye lifti nilimsikia mmoja akisema, "Maskini. Alikuwa mkubwa sana huyu." Alikuwa.

Nilibaki nikikusanya vikombe. Nikafungua kitabu niandike vikaratasi vya kesho, na pambizoni nikaona mwandiko wangu mwenyewe. *Atakaa. Usiogope.*

Nilikaa. Niliusoma mara nyingi. Kisha nikachukua raba, nikafuta, polepole nisichane karatasi, na vumbi lake nikalipuliza chini ya meza.

Ningependa kusema nilifanya vile kwa kuogopa kufukuzwa. Ni kweli Dolores aliwahi kumfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hilo, na mimi nilikuwa nimechemsha kahawa miaka mitatu kabla ya kupewa kitabu. Lakini sikuwaza kazi. Nilichotaka ni mtu mwingine yeyote asiyaone yale maneno mawili. Nilidhani aibu ile ilikuwa yangu peke yangu na ningeweza kuificha kama doa kwenye sketi, kwa kukaa vizuri.

Ijumaa, mwigizaji wa akiba, aliyewekwa kushika nafasi ya Bi Ardelia akikosekana, alikuwa koridoni nje ya chumba, amegeukia ukuta, anajisomea mistari yake. Jumamosi gazeti moja liliandika sentensi tatu, bila jina, juu ya "nyota mkongwe ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka". Na Jumatatu likaja boksi.

Bi Ardelia aliingia saa nne kamili, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Akaliona.

"Makosa yangu ya leo yamejaa boksi zima?" alisema.

Gideon Falk, mwongozaji wetu, alikuja akisugua viganja. Brenneman alikuwa nyuma yake, simu mkononi.

"Ardelia, ni kwa usalama tu," Gideon alisema. "Wengi wanakivaa siku hizi."

"Wengi wa umri gani, Gideon?"

Gideon alitazama viatu vyake.

"Mwaka wa sabini na nne nilicheza filamu na farasi," Bi Ardelia alisema. "Yule farasi alikuwa na mtu nyuma ya kamera anampigia mluzi. Geuka. Simama. Alifanya vizuri sana. Alikuwa na hema lake mwenyewe, mimi nikibadilisha nguo ndani ya gari la vifaa." Akakitoa kidude boksini, akakishika kwenye mwanga. "Na hiki ndicho cha rangi yangu?"

Dolores alijifanya anakohoa. Brenneman akasema kingine kitaagizwa, kingine kipo njiani. Bi Ardelia akavua kofia, akakivaa. Kwenye sikio lake jeusi kilionekana kama chingamu iliyotafunwa na mtoto. Nikaingia nyuma ya pazia na maikrofoni yangu.

Sitaki kueleza saa mbili zile kwa urefu. Sauti yangu ilikuwa kichwani mwake. Niliambiwa nimpe kila mstari uliotanguliwa na kimya, baada ya pumzi mbili, asije akapotea. Alikuwa akitembea kama mtu aliyewekewa mkono mgongoni. Pale mezani, mwana akauliza, "Ulikuja hata mara moja kuniona?" nami nikahesabu moja, mbili, nikasema "Chakula kinapoa," na palepale, kama mwangwi, Bi Ardelia akasema, "Chakula kinapoa."

"Safi!" Brenneman alipiga makofi. "Salama salimini!"

Kijana aliyeigiza mwana hakuinua uso kwenye sahani yake tupu.

Wakati wa chakula cha mchana watu walishuka kutafuta supu. Bi Ardelia hakushuka. Alikaa dirishani, kitambaa kwenye mapaja, anakula biskuti za chumvi na dagaa wa kopo aliowamwagia pilipili ya chupa.

"Njoo ukae, Marnie," aliniita. Ndilo jina langu. Mara nyingi aliniita mwanangu, kwa hiyo nilishtuka kidogo.

Nikakaa. Akanipa biskuti.

"Leo hukuniletea vikaratasi. Nina makosa mangapi?"

"Huna, Bi Ardelia."

"Usinibembeleze."

"Huna kweli. Tangu Jumanne hujakosea hata neno."

Alitafuna. Chini, magari ya Barabara ya Nane yalikuwa yakipigiana honi kama kawaida.

"Nina dada yangu Mobile, Ozella," alisema. "Mwaka wa tatu huu hanijui. Nikienda ananiita Nesi. Na anavyopenda kunitania! 'Nesi, umenenepa.' Nyimbo za kanisani anazijua zote, beti zote, hapotezi neno. Lakini muulize asubuhi kala nini. Hivyo ndivyo alivyoanza. Maneno yalibaki, ila siku zilikuwa zikimtoka."

Akafuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa.

"Nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama mtu mwenye kitabu. Alhamisi asubuhi nilikuja mezani kwako. Nilikuambia pale nitakaa kidogo. Naiona hata penseli yako ikiandika." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mtu anayeogopa bila kuigiza. "Nilikuambia? Au niliota tu?"

Ningesema ndiyo. Ni neno moja. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sikumbuki vizuri, Bi Ardelia," nilisema. "Asubuhi huwa na mambo mengi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na daktari.

"Haya," alisema. "Haya, mwanangu. Asante." Akafungua kopo la bati, akanipa peremende, ingawa hapakuwa na kosa la kulipia. "Saa nane nitawaambia wote. Bora nitoke mwenyewe nikiwa bado najua mlango uko wapi. Yule wa akiba ni mzuri, nimemsikia huko nje akiuambia ukuta mistari yangu. Kumwimbia Ozella nyimbo kutanifaa zaidi."

Nilienda chooni, nikafungua maji nisiisikie sauti yangu mwenyewe. Peremende ilikuwa kwenye kiganja, haijafunguliwa. Nilijiambia nitamwandikia barua. Barua ndefu, yenye kila kitu, hata zile kurasa arobaini. Nilikuwa nikiitunga tayari, na ilikuwa nzuri, na nilipogundua nasahihisha sentensi yake ya kwanza ndipo nilipojichukia kabisa.

Saa nane tulikaa duara kama kila siku baada ya chakula. Bi Ardelia alisimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti. Kidude cha waridi alikuwa amekitia kwenye kopo la peremende.

"Sitawachosha," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka hamsini na saba. Nilipoanza sikupewa maneno, na sasa inaelekea maneno yananijia kwa mdomo wa mtu mwingine. Gideon, ulinichukua wakati hakuna aliyekuwa akikumbuka namba yangu. Siwezi kukuangushia mchezo. Kuna mambo nilikuwa na hakika nayo, na nimeuliza, na nimeona kwamba..."

Alikuwa akitafuta neno, na safari hii hakika alikuwa akilitafuta kweli, na wote kwenye duara tuliinama kumsubiri kwa huruma. Brenneman alikuwa na ule uso wa mazishini. Gideon alikuwa amefumba macho.

Nikasimama. Kitabu kilianguka kutoka mapajani, penseli zikabingirika hadi katikati ya duara.

"Marnie," Dolores alisema. "Keti, mami."

"Mwache," Bi Ardelia alisema. "Huyo ndiye mwenye kitabu."

Niliokota kitabu. Nikautafuta ukurasa wa sitini na moja, nikauelekeza dirishani, mwanga ukaupiga kwa ubavu. Raba ilikuwa imeondoa rangi ya penseli, lakini siku zote mimi huandika kwa kukandamiza, na mitaro ya herufi ilikuwa pale pale.

"Kuna... hapa palikuwa na..." nilisema.

"Sauti, msichana," Brenneman alisema. "Hatusikii kitu."

Bi Ardelia alizunguka kiti chake. Alikuja mpaka nilipo, akauinamia ukurasa, akapitisha kidole juu ya ile mitaro kama mtu anayesoma bila macho. Alikaa pale. Sikuhesabu pumzi. Aliponyoosha mgongo, macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa na huruma nami.

"Wao hawajasikia," alisema. "Waambie. Kwa ile sauti yako ya Alhamisi."

Duara lote lilinitazama. Ngoma ya viatu vya chuma ilikuwa ikigonga upande wa pili wa ukuta, nami nikaongea juu yake.

"Bi Ardelia hakusahau. Alikuwa anaigiza. Asubuhi ile aliniambia kwamba atanyamaza, nikaandika, kisha nikaogopa, nikamkatiza mbele ya wageni wenu. Aliyesahau saa ile ni mimi. Jioni nikakifuta nilichoandika, na leo mchana aliponiuliza, nikamwambia sikumbuki. Nakumbuka. Nilikuwa nakumbuka wakati wote."